Mihuri Iliyoinama Kushoto

Madaftari yalikuwa sita, yote ya jalada la buluu, yote yamechakaa pembeni, na Bwana Kurimoto aliyapanga mezani kwa mstari ulionyooka hata ungeweza kupitisha treni juu yake. Kisha akatoa kipimapembe mfukoni, kile cha plastiki cha watoto wa shule, akakilaza juu ya ukurasa wa kwanza.

"Nyuzi kumi na tano, kushoto," alisema. Akafungua daftari la pili. "Nyuzi kumi na tano, kushoto." La tatu. "Kumi na nne."

"Huyo alikuwa na haraka," alisema Inspekta Kadowaki.

Bwana Kurimoto hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa majaribio ya tiba, ametumwa na kamati iliyoruhusu jaribio hili, na waliomfahamu walisema mara ya mwisho kuonekana meno yake yote ilikuwa siku alipopaliwa na tambi.

Inspekta Kadowaki alivua miwani ya mbali akavaa ya karibu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, na miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza katika kitengo cha hati za kughushi, polisi ya mji wa Matsue. Amewahi kukamata wosia uliotiwa saini siku tatu baada ya mazishi. Amewahi kukamata mkataba wa shamba ambao, ukiufuatilia hadi mwisho, muuzaji wake alikuwa farasi. Alivuta daftari la kwanza, akalinusa, akalipindua, akalinusa tena.

"Niambie upya, polepole," alisema. "Mimi ni mtu wa karatasi. Ya hospitali siyajui."

"Wagonjwa sita," alisema Bwana Kurimoto. "Wote wana baridi yabisi mbaya, mikono na magoti. Watatu walirudishiwa seli zao zilizotengenezwa maabara. Watatu walitundikiwa dripu ya maji ya chumvi tu. Nani alipata nini, hajui mgonjwa, hajui daktari. Majina yamo kwenye bahasha, bahasha imo kwenye kasha la mfamasia. Kwa siku tisini, kila asubuhi, kila mgonjwa nyumbani kwake aliandika maumivu yake kwa namba, sifuri mpaka kumi, akapiga muhuri wake wa jina, badala ya saini."

"Na tatizo?"

"Wote sita wamepona! Saba, sita, tano, nne, mbili. Wote! Hata waliopewa maji! Na mihuri yote imelala upande mmoja kwa pembe moja, na wino ni mmoja. Watu sita hawawezi, Inspekta. Huu ni mkono mmoja, na mkono huo umesomea udaktari."

"Ukiwa na hakika hivyo, mimi umeniitia nini?"

"Sheria inataka polisi waseme." Alitazama saa ya ukutani. "Na kuna muda. Seli za duru ya pili zimetolewa mtamboni saa nne hii. Ni za wale watatu waliopata maji, sasa ilikuwa zamu yao. Zinaishi saa thelathini. Kesho saa kumi jioni zinakufa. Ukisema madaftari yameghushiwa, nasimamisha jaribio, mifuko mitatu inamwagwa."

"Nyingine zitatengenezwa lini?"

"Hazitatengenezwa. Wagonjwa ni wazee. Kamati haitaruhusu kuwatoa damu nyingi kiasi kile mara ya pili."

Inspekta alifunga daftari. "Niitie huyo daktari."

Daktari Uchio aliingia akiwa ameinama, akaketi akiwa ameinama, na ilichukua muda mpaka ikajulikana ana uso. Alikuwa na miaka thelathini na sita, shati lake limekunjamana, malapa ya hospitali miguuni, moja la kijani na moja la kahawia.

"Daktari, uliyaandika wewe madaftari haya?"

"Hapana."

"Ulimwambia mtu ayaandike?"

"Hapana. Lakini kosa ni langu." Paji la uso likagusa meza.

"Kosa gani?"

"Sijajua bado, Inspekta. Nitalitafuta."

"Inua kichwa, nataka kukuona unapojibu. Haya, nieleze dawa yako kama unavyomweleza polisi."

Daktari aliinua kichwa, na hapo akawa mtu mwingine. "Mwili una askari wake. Kwa wagonjwa hawa, askari wamekosea adui. Wanapiga viungo vya mwenye mwili, vidole, viganja, magoti. Dawa za zamani zinawapiga rungu askari wote, wema na wabaya, wanalala. Maumivu yanapungua, lakini mafua yanaingia bila kubisha hodi. Sasa, humohumo jeshini kuna seli chache ambazo kazi yao ni kuwaambia wenzao 'imetosha'. Kila mtu anazo. Kwa mgonjwa zimezidiwa. Sisi tunazitoa kwenye damu yake mwenyewe, tunazifundisha kukitambua kiungo kinachopigwa, tunazizidisha, tunamrudishia."

"Zikifika?"

"Zinatuliza pale penye ugomvi tu. Kwingine hazigusi."

"Ningeomba kumi za kituoni kwetu," alisema Inspekta. "Ngumu kughushi?"

"Seli?"

"Namba."

Daktari alitazama madaftari, na sauti ikarudi chini. "Rahisi sana. Ndiyo maana sikuyashika hata siku moja. Wiki ya kwanza nilisoma la Mzee Fukada. Lilisema tisa. Tangu siku hiyo nesi ndiye aliyeyapokea na kuyafungia kabatini."

"Kwa nini?"

"Nilishindwa kula," alisema.

Inspekta aliandika neno moja, "tisa", kwenye kikaratasi, akamruhusu aende. Kisha alivuta kiti dirishani, akatoa lenzi, na kwa saa tatu nzima aliinamia kurasa, ila aliagiza supu ya kome, akainywa, akaagiza nyingine. Bwana Kurimoto alikaa mbele yake kama mtu anayesubiri jino ling'olewe, la mwingine.

Saa nane mchana Inspekta aliuliza, "Tarehe kumi na tisa Agosti, muhuri wa huyu ni mwekundu wa damu. Siku ya kabla yake ni wa machungwa. Siku ya baada yake, wa machungwa. Umeona?"

"Wino uliisha."

"Kwa wote sita, siku moja? Tazama. Kumi na tisa, kila daftari lina wino wake. Mmoja mweusi mweusi. Mmoja umepauka. Halafu tarehe thelathini, tena. Halafu Septemba, siku nne mfululizo."

"Basi mghushi alibadili wino ili kutupumbaza."

Inspekta alichovya mkono kwenye mkoba wake, ambao wenzake waliamini kwamba siku moja atatoa ndani yake meza, akatoa kijitabu chenye picha ya sungura. "Mimi husahau miavuli kwenye basi," alisema. "Mume wangu, alipokuwa hai, alinilazimisha kuandika kila mwavuli unaopotea, na siku. Nimeendelea. Agosti kumi na tisa, mwavuli wa kijivu. Agosti thelathini, wa maua. Septemba, kile kimbunga, siku nne, miavuli miwili na kofia." Alimsogezea. "Zilikuwa siku za mvua, Bwana Mkaguzi. Mghushi wako anaogopa mvua."

Bwana Kurimoto alilinganisha tarehe za kijitabu na za madaftari.

"Daktari anashinda ndani ya jengo," aliendelea Inspekta. "Mvua inamhusu nini? Huyu anayepiga mihuri anapigia nje, penye uwazi, asubuhi, na siku ya mvua haendi. Naomba anwani za wagonjwa."

"Hawaruhusiwi kukutana!"

"Na wewe ukaamini."

Alitia alama sita kwenye ramani ya mji. Katikati ya alama hizo palikuwa na kiwanja kidogo kando ya handaki la maji la ngome, mahali ambapo kila asubuhi, isipokuwa ya mvua, redio hupiga kinanda na watu hunyoosha viungo.

"Kitu kingine," alisema akikusanya lenzi. "Kurasa za mwanzo, duara la muhuri halijafunga. Chini kulia pamekosekana kipande, kama mwezi umeng'atwa. Watano wako hivyo. Wa sita, huyu Fukada, duara lake ni zima toka siku ya kwanza."

"Basi Fukada hakuwa mgonjwa kamwe! Aliandikishwa kwa ulaghai!"

"Labda," alisema Inspekta. "Kesho nitamwuliza."

*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Novemba, Matsue huwa na ukungu mwepesi juu ya handaki na baridi inayojua njia ya kuingia kwenye soksi. Inspekta Kadowaki alifika amevaa suruali ya michezo ya mwaka aliofunga ndoa. Watu walikuwa kama ishirini. Redio ndogo ilikuwa juu ya jiwe, na mbele yao, mgongo wima, alisimama bibi mmoja mwembamba mwenye skafu ya zambarau.

"Mikono juu!" aliamuru bibi yule, akimtangulia mtu wa redio kwa nusu sekunde, kana kwamba ni redio iliyokuwa ikimfuata yeye. "Moja, mbili! Wewe mpya wa nyuma, hiyo ni mikono au nguo zimeanikwa?"

Inspekta alinyoosha mikono zaidi.

Muziki ulipoisha, wengi walitawanyika. Sita walibaki. Walitoa madaftari ya buluu, mapya, maana ya zamani yamechukuliwa, wakapanga foleni mbele ya jiwe. Yule bibi wa skafu akafungua kikopo cha wino, rangi ya machungwa, akakiweka kando ya redio. Kila mmoja aliandika namba, akachovya muhuri, akapiga, na bibi akatikisa kichwa kukubali, kama walimu wanavyofanya kwa watoto wakati wa likizo, mtoto akishanyoosha viungo anapigiwa muhuri kwenye kadi yake.

"Mnapendeza," alisema Inspekta. Akaonyesha kitambulisho.

Mzee mnene mwenye kofia ya reli alificha daftari mgongoni, na kwa kuwa mgongo ulikuwa umeelekea handaki, bata mmoja ndiye aliyeliona.

"Mzee Fukada?" aliuliza Inspekta.

"Sijafanya kitu. Nimeendesha treni miaka arobaini, sijawahi kuchelewa ila mara moja, na ilikuwa ng'ombe."

"Na wewe ni Bibi Nogi," alimwambia mwenye skafu. "Mfanyakazi wa benki."

Bibi Nogi alimkazia macho. Alikuwa na miaka sabini na minane. "Nani kakwambia benki?"

"Mihuri. Imeinama."

"Sasa ulitaka isimame?" alisema Bibi Nogi. "Miaka thelathini na minane nimekaa dirishani. Karatasi ikipita kwa wakubwa na wadogo, muhuri wa mdogo hausimami wima mbele ya muhuri wa mkubwa. Unaulaza kidogo kushoto, uelekee kisanduku chake. Ni adabu tu. Na kisanduku cha Daktari kiko wapi? Kushoto. Hawa wenzangu walikuwa wanapiga ovyo ovyo kama wanaua mende, nikawafundisha."

"Alitufundisha wiki nzima," alisema mama mfupi mwenye mashavu mekundu. Huyu alikuwa Bibi Senge, mtengenezaji wa vitamutamu vya kunywea chai. "Kanipiga na rula."

"Nilikugusa."

"Na namba?" aliuliza Inspekta. "Nazo mlifundishana?"

Sasa kila mtu alitafuta pa kutazama. Mzee Fukada ndiye aliyelipuka. "Kosa langu mimi! Niliandika tisa. Ilikuwa tisa kweli, haki ya Mungu, goti lilikuwa linapiga kelele mpaka jirani anasikia. Yule kijana akasoma. Akainama. Mimi nikasema sawa, sawa, basi, inuka. Hainuki! Nimeshuka ngazi, nimevaa viatu, nageuka, bado kainama. Kesho yake nesi anasema Daktari hajala tangu jana."

"Mtoto wa watu," alisema Bibi Senge.

"Tukakaa hapa hapa tukashauriana," alisema Bibi Nogi. "Kijana anahangaika kwa ajili yetu mchana na usiku, malapa hayafanani, sisi tunamlipa kwa tisa? Tukasema tumpunguzie. Mimi nikapanga ratiba. Wiki ya kwanza saba, ya tatu sita, tusishuke haraka akashtuka."

"Umeipanga vizuri," alisema Inspekta. "Vizuri mno. Daktari anatuhumiwa kwamba ameghushi madaftari. Leo saa kumi jioni jaribio linasimamishwa, leseni yake inachukuliwa, na mifuko mitatu ya seli, ambayo ni ya watatu kati yenu, inamwagwa kwenye sinki."

Bibi Senge alikaa juu ya jiwe bila kutazama, akaikalia redio.

"Tutaandika upya," alisema Bibi Nogi. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Ukweli. Siku zote tisini."

"Mnakumbuka maumivu ya Agosti kumi na mbili?"

"Mimi nakumbuka," alisema Mzee Fukada, kisha, "hapana."

"Na nikiwauliza sasa hivi nani kapona kweli, mtanijibu nini?"

"Sote!" walisema, wote sita, kwa pamoja, na kwa adabu kubwa.

Inspekta Kadowaki alicheka mpaka ukungu ukasogea. "Nyamazeni basi. Nipigieni mihuri tu. Kila mtu mmoja, kwenye karatasi yangu. Msilaze, msiringe, pigeni mnavyoweza."

Alichuchumaa karibu na jiwe akatazama vidole. Bibi Senge alishika muhuri kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, akagusa karatasi, akainua. Duara zima. Bibi Ikuta, jirani yake, mtu wa maneno machache, hivyo hivyo. Dada wawili wa ukoo wa Yonehara walishika kwa vidole vitatu, na kidole gumba hakikukubali kukunjika. Kipande kikakosekana chini kulia. Bibi Nogi alitumia mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, akitabasamu. Kipande kikakosekana.

Mzee Fukada alipiga kwa vidole viwili, polepole. Duara zima.

"Mzee, siku zote unapiga hivyo?"

"Aa wapi! Zamani nilikuwa naufumbata kwenye ngumi, naulalia kwa uzito wote. Bibi Nogi alisema nitapasua jiwe."

"Ulianza lini kutumia vidole?"

"Nitajuaje? Siku ilifika tu nikaona vinafika."

Inspekta alisimama, magoti yakilia. "Bibi Nogi," alisema, "leo umeandika namba gani?"

"Moja," alisema Bibi Nogi, akafunga kikopo cha wino. Kifuniko kilimchukua muda. Inspekta hakumsaidia, na hakumtazama mpaka kilipofunga.

*

Saa tisa na dakika kumi alasiri walikuwa watano chumbani: Inspekta, Bwana Kurimoto, Daktari Uchio, nesi, na mfamasia aliyeikumbatia bahasha kama kikapu cha mayai.

"Wagonjwa wamedanganya," alisema Inspekta. "Daktari hakugusa chochote. Ilikuwa heshima."

"Heshima!" Bwana Kurimoto alitoa kipimapembe. "Kulaza muhuri ni desturi ya maofisini, Inspekta. Wagonjwa hawana bosi. Mgonjwa hawezi kulaza muhuri nyuzi kumi na tano bila mtu kumshika mkono."

"Naomba hicho." Alichukua kipimapembe, akatoa mkobani barua moja. Ilikuwa barua ya mashtaka iliyoletwa polisi. Chini yake mihuri mitatu: mwenyekiti wa kamati, makamu wake, na Kurimoto. Akaweka kipimapembe juu ya muhuri wa mwisho. "Kumi na tano. Kushoto. Nani alikushika mkono?"

Bwana Kurimoto alitazama muhuri wake mwenyewe kama mtu aliyekutana na pacha sokoni. Masikio yalianza kuwa mekundu, kuanzia juu.

"Hata sikumbuki kuulaza," alisema.

"Ndiyo hivyo. Sasa, namba hizi zitupeni. Ni barua za salamu. Lakini muhuri unapigwa kwa kidole gumba, na kidole gumba hakina adabu." Alifungua madaftari, moja baada ya jingine. "Agosti, watano wana duara lililong'atwa. Gumba halikunjiki, halikandamizi. Tazameni Bibi Senge, kuanzia siku ya thelathini na nane kipande kinajaa. Siku ya arobaini na nne duara zima, na halijang'atwa tena, hata siku za mvua alipokuwa peke yake kwake. Bibi Ikuta, siku ya arobaini na moja. Wengine watatu, mpaka siku ya tisini, limeng'atwa vilevile."

"Na Fukada?" aliuliza Bwana Kurimoto. "Duara lake zima toka mwanzo. Si mgonjwa."

"Pitisha kidole nyuma ya ukurasa."

Bwana Kurimoto alipitisha. Karatasi ilikuwa na kibonyeo. Alifunua ukurasa wa chini yake, kibonyeo kingine, na wa tatu pia.

"Alikuwa akipiga kwa ngumi na uzito wa mwili mzima," alisema Inspekta. "Sasa nenda siku ya hamsini."

Bwana Kurimoto alifunua, akapitisha kidole. Akarudia. "Laini."

"Siku ya arobaini na sita ngumi ilifunguka."

Daktari Uchio alikuwa amesimama. Alichukua lenzi bila kuomba, akainamia madaftari, na safari hii haikuwa kuomba radhi. "Siku ya thelathini na nane," alinong'ona. "Arobaini na moja. Arobaini na sita. Ndio muda seli zinapo..." Akafuta lenzi kwa shati lililokunjamana, akatazama tena.

Inspekta aliandika majina matatu nyuma ya kadi yake, akaigeuza uso chini, akaiweka mbele ya mkaguzi. "Hawa ndio walipata seli. Una mamlaka ya kufungua bahasha kwenye uchunguzi. Fungua. Nikikosea, mwaga mifuko."

"Mtu akibahatisha," alisema Bwana Kurimoto polepole, "watatu kati ya sita, anapata mara moja kwa ishirini."

"Mimi hata bahati nasibu ya mtaani sijawahi kushinda. Fungua, saa inakwenda."

Mfamasia aliiachia bahasha kwa shida. Bwana Kurimoto alikata ukingo kwa wembe, akatoa karatasi, akasoma. Akageuza kadi. Akasoma. Akaweka viwili hivyo sambamba, akavinyoosha viwe na mstari mmoja.

"Senge," alisema. "Ikuta. Fukada."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na mbili.

"Mifuko!" alisema nesi, na akawa ameshafika mlangoni.

Dada wa Yonehara walikuwa tayari kitandani, wamekaa bega kwa bega. Bibi Nogi alikuwa chumba cha mwisho, skafu ya zambarau imekunjwa vizuri juu ya mto. Mfuko uliotundikwa juu yake ulikuwa mdogo, maji yake yana ukungu kidogo, na saa kumi kasoro dakika nane tone la kwanza lilishuka.

"Kumbe nilikuwa na maji ya chumvi," alisema Bibi Nogi akilitazama. "Siku tisini. Nilidhani mwili wangu ndio mkaidi."

Daktari Uchio alikuwa amesimama kando ya kitanda na daftari la buluu. Namba moja iliyoandikwa asubuhi ilikuwa imekatwa mstari. "Bibi Nogi. Maumivu ya leo. Naomba namba."

Bibi Nogi alimtazama, kisha akamtazama Inspekta aliyeegemea mlango, kisha akatazama kiganja chake, vidole vilivyolala upande kama nyasi baada ya upepo.

"Tisa," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Uso wa Daktari ulifanya kazi kubwa. Kichwa kikaanza kushuka, mabega yakafuata.

"Weee!" alisema Bibi Nogi. "Usithubutu! Mrija wa sindano yangu uko mbele yako. Ukiinama utaichomoa. Simama wima, mwanangu. Na leo ule, nitamwuliza nesi."

Daktari alisimama wima. Ilionekana ni mrefu kuliko walivyodhani wote.

Bibi Nogi aliomba muhuri wake. Akaushika kwa mkono uliokuwa huru, gumba likakataa kukunjika, akaulalia kwa kiganja, akapiga. Kipande kilikosekana chini kulia. Bwana Kurimoto, ambaye alikuwa ameingia kimya kimya na kusimama nyuma ya kila mtu, alisogea, akatoa kipimapembe, akakilaza juu ya ukurasa.

"Nyuzi sifuri," alisema.

Kisha uso wake ukapasuka kwa namna ambayo hospitali ile haijawahi kuona, meno yote nje, mabega yakitikisika, na nesi alikimbia kumletea maji, akidhani amepaliwa.